Nilivyoitafutia Baisikeli Nguvu

Wasomaji wapenzi, na hasa nyinyi wa bweni letu ambao mmeniita "Volti" tangu kidato cha pili bila kujua jina hilo lilitoka wapi, leo nimekata shauri kuyasema. Mhariri wa jarida letu amenisumbua muhula mzima akitaka insha, nami nikawa namkwepa kama anidaiye. Ukweli ni kwamba kisa chenyewe kinanitia haya. Lakini kovu lililo kwenye kiganja changu cha kulia, ambalo kila mgeni huniuliza kama niliungua kwa uji, lina hadithi yake, na heri niisimulie mwenyewe kuliko isimuliwe na wengine waitie chumvi.

Kwetu ni Kiunga. Najua wengi wenu hamjafika. Ukiifungua ramani ya Kenya, fuata pwani kuelekea kaskazini, uipite Lamu, uipite Pate na Kiwayu, na kabla hujaingia Somalia utakutana na kijiji cha Wabajuni, mbele bahari, nyuma msitu wa Boni. Ras Kamboni iko ng'ambo tu ya mpaka. Bahari yetu imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka wa 1979, na ndani ya miamba yake wanaishi kambakoche, wale kamba wakubwa wenye ndevu ndefu na miiba mgongoni. Hao ndio wanaonisomesha.

Babangu ni mzamiaji wa kamba. Msimu wa kaskazi, bahari inapotulia, yeye na wenzake watatu huhamia dagoni. Dago, kwa wale wa bara, ni kambi ya wavuvi: vibanda vya makuti, jiko la mawe matatu, na mapipa ya maji ya kunywa. Dago lao liko upande wa Ishakani, kilomita tisa hivi kutoka kijijini. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kisa kilipofungwa. Kamba akimfikia mnunuzi akiwa hai, bei yake inapendeza. Akifika amekufa bado mbichi, bei huanguka hata usitamani kuitaja. Akishaanza kunuka, hutupwa. Kwa hivyo kazi si kuwapata tu, ni kuwafikisha. Mashua yala mafuta, na petroli kwetu huletwa kwa chombo na bei yake si ya huko kwenu. Punda ni mwaminifu lakini hana haraka. Pikipiki ya kukodi huchukua sehemu kubwa ya faida kabla hata kamba hajapimwa.

Basi likizo ya Disemba mwaka wa 2022 nikajiambia: mimi ni mwanafunzi wa fizikia, nitaitatua shida hii.

Kulikuwa na baisikeli ya marehemu babu, Black Mamba ya chuma, gurudumu la inchi 28, nzito kama ng'ombe aliyelala. Mtoto wa ami yangu anayefanya kazi Mombasa alipata kwa watu wa vyuma vikuukuu mota ya umeme, ile ya aina inayokaa katikati ya gurudumu, pamoja na kontrola yake na mkono wa kuongezea mwendo. Ilikuwa ya volti 36 na wati 350, isiyo na gia ndani. Sumaku zimepangwa kwenye gamba la nje linalozunguka, na nyaya za shaba zimezungushiwa katikati pasipozunguka. Akaniletea na betri tatu za volti 12, zile za kwenye visanduku vya kuzuia kompyuta isizimike stima ikikatika. Kila betri ampea-saa 12 na kilo nne za uzito. Kuisuka mota ile kwa spoki ndani ya rimu ya babu kulinigharimu siku mbili na kucha mbili.

Siku ilipowaka, jamani! Watoto walinikimbilia kutoka msikitini hadi sokoni. Pale palipo udongo mgumu, simu ya binamu ilionyesha kilomita 28 kwa saa, nami sijagusa pedali. Mamangu alisimama mlangoni akashika kiuno, akasema, "Mwana huyu atakuja kuruka."

Siku ya tatu nikaielekeza dagoni. Njia ya dagoni ni mchanga. Ilikwenda mita mia moja ikaanza kulia kwa sauti nyembamba, kisha ikasimama kama mtu aliyesahau alilotaka kusema. Nikasukuma pedali kwa miguu, ikasogea. Nikaacha, ikasimama. Nilirudi nyumbani nikiivuta, na wale watoto waliokuwa wakinishangilia wakageuka kunicheka. Ni hapo nilipoanza kuitafutia nguvu.

Kijijini kuna fundi wa redio, mzee mpole anayefanyia kazi chini ya mkungu, na yeye ndiye aliyenipa somo la kwanza. "Volti ndizo mbio," aliniambia, "ampea ndizo misuli. Ukizidisha moja kwa nyingine unapata wati. Weye wataka kipi?" Nikamjibu nataka vyote. Akacheka, akasema hayo ndiyo maneno ya kila kijana.

Hesabu ilikuwa rahisi. Kontrola yangu iliruhusu ampea 15 tu. Volti 36 mara ampea 15 ni wati 540. Nikiongeza betri ya nne nipate volti 48, ampea zikiwa zile zile, nitakuwa na wati 720, yaani ongezeko la thuluthi nzima. Betri nne zikijaa hufika volti 54 hivi, na vile vikopo vidogo vya kapasita ndani ya kontrola viliandikwa volti 63, kwa hivyo haviwezi kupasuka. Niliyajua hayo nikajiona profesa. Kikwazo kilikuwa pesa. Mama alikuwa amepokea zamu yake ya chama. Nilimzunguka siku mbili nzima, nikamwoshea vyombo, nikamtekea maji, hata akaniuliza, "Sema unalotaka, mwanangu, kabla hujaanza kufua." Akanipa shilingi 3,500. "Nakukopesha," alisema, "sikupi." Maneno hayo mawili yakumbukeni.

Betri ya nne ilileta mbio. Kwenye udongo mgumu baisikeli ilikwenda mpaka nikaogopa, maana breki za babu ni za vyuma vya kuvuta na zilitengenezwa kwa mtu anayekwenda sokoni polepole. Lakini mchangani, hali ilikuwa karibu ile ile. Mbio ninazo, misuli sina.

Nikarudi kwa fundi wa redio, naye hakuwapo. Alikwenda Lamu kwa matibabu. Laiti ningemngoja! Nilikuwa nimesikia kwa vijana wa Mombasa kwamba ndani ya kila kontrola kuna kijiwaya kifupi kilichopinda mfano wa daraja, ambacho umeme wote wa betri hupita. Kontrola hupima ampea kwa kuangalia volti ndogo inayojitokeza kati ya ncha zake. Ukilipaka daraja hilo risasi ya kulehemu likawa nene, ukinzani wake hupungua, na kontrola hudanganyika. Itaona ampea 15 kumbe zinapita 25 au 30. Nikafungua kisanduku, nikapasha chuma cha kulehemia juu ya makaa, nikalipaka daraja risasi. Sikupima nilipaka kiasi gani. Nilipaka mpaka nikaridhika.

Na kweli, ilikuwa kama nimemfungulia simba. Mchanga ulioniaibisha siku ya tatu niliupita nimekaa wima, mchanga ukiruka nyuma yangu. Nilishinda siku nzima nikiupita na kurudi. Nilipoigusa mota jioni ilikuwa moto usioshikika, nikaimwagia maji ya bahari ipoe. Naomba mwalimu wa fizikia asinisome hapa.

Sasa niwaambie jambo jingine, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini sikufanya kile ambacho kila mmoja wenu angefanya. Tangu mwaka wa 2015, ilipoanzishwa Operesheni Linda Boni, waya na betri si vitu vya mzaha kwetu. Watu wamepoteza maisha na viungo kwa mabomu ya kutegwa njiani. Jioni moja ya majaribio yangu nilikutana na wanajeshi wa doria pembeni mwa kijiji.

"Kijana, simama hapo hapo. Shuka. Mikono juu."

Nikashuka. Baisikeli ikaanguka, nami nikaiacha ilale.

"Hiki ni nini?"

"Baisikeli, afande."

"Baisikeli gani ina matumbo nje?"

Nilieleza kila waya, mmoja baada ya mwingine, sauti ikitetemeka kama ya mtoto wa chuo anayesomeshwa mbele ya watu. Huu wa betri, huu wa mkono, hizi tatu nene za mota. Mkubwa wao aliinama akatazama kwa makini, akauliza maswali mawili ya kweli kweli, nikatambua kwamba umeme anaujua. Mwishowe akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka. "Sikiza. Siku ukiiacha hii kitu peke yake, hata dakika tano, tutailipua. Na hatutauliza ni ya nani. Umenielewa?"

"Nimeelewa, afande."

Nilielewa kupita kiasi.

Ikaja siku yenyewe, mapema Januari 2023, siku za bamvua. Nililala dagoni usiku uliotangulia. Asubuhi walikuwa na kamba 23 walio hai, kilo kumi na nne hivi, wa watu wote wanne. Tuliwapanga ndani ya gunia lililoloweshwa, mwani chini, mwani juu, tukafunga juu ya keria. Mnunuzi alikuwa na mashua ya kuondoka adhuhuri. Ilikuwa saa moja kasorobo, na bahari iliyojaa tangu alfajiri ilikuwa bado imeukalia ufuo.

"Baba, nitangulie sasa," nikasema.

"Maji hayajatoka. Ngoja mpaka saa tatu, mchanga ukaze. Kamba watakaa kivulini."

"Sasa ina nguvu, baba. Haihitaji mchanga mgumu."

Babangu aliitazama baisikeli, akaitazama bahari, akavuta pumzi. "Weye ndiye mwenye chombo," akasema. Kwa mtu wa bahari hilo si neno dogo. Maana yake nahodha ni wewe, na lolote litakalotokea ni lako. Mimi nikasikia sifa tu.

Kwa vile maji yalikuwa bado juu, njia iliyobaki ilikuwa ile ya juu kabisa, mchanga mkavu usiokanyagwa, laini kama unga wa mahamri. Kilomita ya kwanza ilipita vizuri. Ya pili, nikaanza kusikia harufu. Ya tatu, harufu ikawa moshi mwembamba, nami badala ya kusimama nikazidi kupinda mkono, nikidhani nikifika pale kwenye kichaka itakuwa salama. Nikasikia "pap!" kama njugu motoni. Gurudumu likakaza ghafla, nikatupwa mbele. Nilipoinuka niliishika kontrola nione kama iko hai, na gamba lake la chuma likanichapa kiganja. Hilo ndilo kovu lenyewe, ndugu zanguni. Si uji.

Kontrola kufa si ajabu, nilijiambia, nitasukuma. Nikasukuma. Haikwenda! Gurudumu la nyuma lilikuwa linakataa. Halikufungika kabisa, lilisogea kidogo, likagoma, likasogea, likagoma, kama punda aliyeona nyoka. Nilidhani mota imevunjika ndani. Niliinua nyuma kwa mkono mmoja, lakini betri nne ni kilo kumi na sita, kamba kumi na nne, na chuma cha babu juu yake. Nikaweza hatua ishirini.

Hapa ndipo mtaniuliza: kwa nini hukujitwika gunia ukaiacha baisikeli? Kilo kumi na nne si mzigo wa kumshinda mtoto wa pwani. Ndiyo. Lakini niliikumbuka sauti ya yule mwanajeshi. Baisikeli yenye betri nne na nyaya zilizoungua, imelala peke yake mchangani karibu na mpaka! Wangeilipua, na hilo lingekuwa jambo jema. Je, kama angepita mtoto kwanza? Je, kama wangeanza kumsaka mwenyewe na kumkuta babangu dagoni? Sikuthubutu. Niliivuta. Kilomita sita. Kila baada ya muda nililishukia gunia na kulimwagia maji ya bahari kwa kofia yangu, na kila mara nilisikia ndani ule mkwaruzo wao ukipungua. Jua lilipanda. Maji yakatoka kama baba alivyosema, na saa tatu na nusu ule ufuo wa chini ukawa wazi, mgumu, unang'aa kama sakafu ya saruji. Nikashuka huko, lakini gurudumu lililokataa hata sakafu ya saruji halina faida nayo.

Nilifika kwa mnunuzi baada ya saa tano. Alifungua gunia bila kusema kitu, akawapanga kwenye meza ya mbao. Sita walikuwa wakichezesha ndevu. Tisa walikuwa wamekufa, akawakubali kwa bei ile isiyotajika. Wanane aliwasukuma kando kwa mkono. "Hawa wape paka," alisema, na hakulisema kwa ubaya.

Jioni baba na wenzake walikuja. Nilikuwa nimejificha nyuma ya nyumba. Nilimsikia baba akiwaambia wenzake kwamba atawalipa kwa kamba wa zamu zake, na kweli kwa wiki mbili alizamia akawagawia wao. Hakunigombeza. Mngejua jinsi nilivyoomba anigombeze! Mama alinipaka asali kiganjani, akanifunga kitambaa, naye pia hakusema lolote kuhusu 3,500.

Usiku, baada ya isha, baba aliniita barazani. Nikakaa chini. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza swali moja tu.

"Mashua ikizimika injini, twaiinua mashine juu ya maji tukapiga kasia. Hiyo yako, haina kasia?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi shuleni mwezi huo huo na swali hilo likanikaa kooni kama mwiba wa changu.

Mwalimu wetu wa fizikia hakucheka niliposimulia. Alinipeleka maabara, akachukua mota ndogo ya feni ya gari, akaniambia niizungushe kwa vidole. Ilizunguka. Akaziunganisha nyaya zake mbili pamoja, akaniambia niizungushe tena. Ilikataa! Ni ule ule ukaidi: ikasogea, ikagoma. Akazitenganisha, ikazunguka kama kawaida. Nilisimama nikamtazama.

"Mota ukiizungusha kwa mkono ni dainamo," alisema. "Nyaya zake zikiwa zimekutana, umeme wake unajizunguka wenyewe ndani na kuirudisha nyuma. Kontrola yako ilipoungua, transista zake ziliyeyuka zikashikana, na zile nyaya tatu nene zikakutana ndani yake. Ungezichomoa tu."

Nyaya tatu. Zilikuwa na vifungio vya kuchomoa kwa vidole, nilivifunga mwenyewe. Ningezichomoa, gurudumu lingezunguka huru, ningelisukuma mpaka kwenye mchanga mgumu na kufika wakiwa hai wengi wao. Zilikuwa mbele ya macho yangu kilomita sita nzima. Siku hiyo sikula chakula cha mchana, na waliokaa meza moja nami wanakumbuka, kwani walikigawana.

Mwalimu akaniketisha na kalamu. Mwingereza James Joule alikwisha kulieleza mwaka wa 1841: joto katika waya hufuata mraba wa ampea. Tukakadiria nyaya zangu nyembamba na viungo vyake vina ukinzani wa omu 0.2. Kwa ampea 15, wati 45 zinapotea njiani kama joto. Kwa ampea 30, hazipotei 90, zinapotea 180. Na hilo ni kabla hatujafika ndani ya mota, ambako mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu mota isiyozunguka haitoi kazi hata chembe. Wati zote unazoilisha inazigeuza joto. Mchanga laini uliifanya izunguke polepole mno, nami nikaishindilia ampea. Nilikuwa nimejenga jiko la umeme, nikalipandisha kamba.

Kisha akaniuliza kuhusu betri. Nikamwambia zimedhoofika, mbili hazishiki moto. Akaniuliza kontrola ilikata umeme ikifika volti ngapi. Iliandikwa 31. Kwa betri tatu hiyo ni sawa, alisema, zaidi ya kumi kwa kila moja. Kwa betri nne kikomo kingekuwa 42 hivi. Kumbe wiki zile za majaribio nilikuwa nazikamua mpaka karibu volti nane kila moja, na betri ya risasi ikikamuliwa hivyo hairudi. Betri ya mama, ile ya 3,500, ilikuwa mojawapo ya zile mbili.

Ili nisikate tamaa kabisa alinionyesha kwamba Mmarekani mmoja, Ogden Bolton, alipewa hataza ya baisikeli yenye mota katika gurudumu la nyuma tarehe 31 Disemba 1895, na mota yake iliandikiwa volti 10 na ampea hadi 100. Ampea mia! Nilijiona si mwendawazimu wa kwanza. Na huko Nairobi, alisema, kuna kampuni ya Roam, iliyoanza mwaka wa 2017 ikiitwa Opibus, ambayo ilijipatia jina kwa kuyageuza magari ya mafuta yawe ya umeme. "Hao pia," alisema, "wanaanza na kalamu."

Likizo ya Aprili niliifumua. Sikununua volti wala ampea. Nilirudi kwa betri tatu, volti 36, na kontrola nyingine ya ampea 15 ambayo sikuifungua hata kuichungulia. Mota niliitoa ndani ya gurudumu, na kijana anayechomelea vyuma vya mashua akaifunga katikati ya fremu, karibu na pedali. Sasa mota inazungusha gurudumu la nyuma kwa mnyororo: meno 16 upande wa mota, meno 28 upande wa gurudumu. Ishirini na nane kwa kumi na sita ni 1.75. Mbio zikashuka kutoka kilomita 28 kwa saa hadi 16, na nguvu ya kusukuma ikapanda kwa kiasi hicho hicho, bila ampea hata moja kuongezeka. Mota yenyewe inazunguka haraka jinsi ilivyotengenezwa kuzunguka, kwa hivyo haichemki. Nyaya za betri nikaweka nene, fupi, na kila kiungo nikakilehemu mbele ya fundi wa redio aliyekuwa amepona. Alinishika mkono kila nilipotaka kuzidisha risasi. Mwisho nikapunguza upepo kwenye tairi.

Mchanga mkavu wa juu bado unaisumbua, nisiwadanganye. Inapita, lakini kwa kunung'unika, na pedali lazima uisaidie. Disemba ya mwaka uliofuata nilibeba kamba wa baba mara nyingi, na kila safari nilimwuliza kwanza saa ya maji kutoka. Yeye hana kitabu cha maji, hutazama mwezi, akahesabu vidole, akasema, "Saa nne kasorobo." Kwenye ule ufuo mgumu baisikeli hutumia umeme kidogo hata betri zikirudi nyumbani bado zina nusu. Msimu ule walikufa kamba watatu, na wawili kati yao baba anasema walikuwa wagonjwa tangu baharini.

Mama nimemrudishia 2,600. Zimebaki 900, naye hukumbuka kila ninapofunga sanduku la kurudi shuleni.

Zile nyaya tatu za mota nimezitilia kifungio kimoja kikubwa, na juu yake baba alifunga mwenyewe kitambaa chekundu alichokichana kwenye tanga kuukuu. Sasa nikiwa shuleni anaiendesha yeye. Baba hajui kusoma namba zilizo kwenye kontrola wala hataki kujua. Nilipomfunza nilimwonyesha kitambaa, nikamwambia ikikataa avute hapo.

Alikivuta, akaisukuma baisikeli huku na huku uani, gurudumu likazunguka kimya. Akakirudisha.

"Hii ndiyo kasia," akasema, akapanda, akaenda zake dagoni.